Mpangaji wa Saumu Mhina

Chama cha wenye nyumba wa mtaa wa Mkwaju Mmoja kilipiga marufuku wapangaji. Saumu Mhina, aliyekula kwa kodi ya nyumba yake ya pili, akapangisha vilevile.

Mwenyekiti, Bwana Hemedi Shekalaghe, akamjia amefura. "Mpangaji wako atoke leo! Wapangaji ni uchafu."

"Mimi simuwezi, Mwenyekiti. Mtoe wewe."

"Nitamburuta kwa mikono yangu!" Akaenda akaupiga teke mlango wa mpangaji.

Mlango ukafunguka. Bwana Hemedi akainamisha macho, akavua kofia, akarudi nyuma mpaka uani. Aliyesimama mlangoni alikuwa mama mzazi wa mkewe.

"Mkwe wangu, ndiyo hodi gani hiyo?"

"Shikamoo, mama. Nilisikia mlango unakwama, nimekuja kuutengeneza."

"Na choo kimeziba," akasema Saumu.