Mfuniko wa Lango la Ndovu

Katika enzi ambazo Mola pekee ndiye ajuaye hesabu ya miaka yake, Sultani Ghalibu bin Nuhu alitawala mji wa Sarandia, na chini ya njia za mji huo ilipita mifereji ya maji machafu, na kila shimo la mfereji lilifunikwa kwa mfuniko wa chuma uliotoka katika karakana ya Zuwena binti Harithi, mwanamke mhunzi. Naye alirithi kwa babake siri ya kuyeyusha chuma kikawa kigumu bila kuwa kikavu, hata kikielemewa hupinda kwanza, hakikatiki ghafla. Tena hakuifanya mifuniko yote sawa: mwembamba kwa vichochoro vya waendao kwa miguu, wa kadiri kwa njia za punda na mikokoteni, na mzito kupita yote kwa Lango la Ndovu, palipopita ndovu wa Sultani wakiburura magogo.

Waziri Shaddadi akaamuru mifuniko mizito ing'olewe ikapambe bustani yake, pasipopita mzigo ila tausi, na langoni akaitia ile ya vichochoro. Zuwena alipokwenda kumwonya, waziri akamjibu, "Chuma ni chuma, bibi. Nani atakayetazama chini?"

Asubuhi ya Ijumaa ndovu alipita, mfuniko ukapinda ukazama, ndovu akapiga goti, na Murjani, mwongozaji wake, akarushwa akatumbukia shimoni asionekane tena.

Zuwena aliposikia, damu ilimchemka. Aliingia barazani na masizi yake usoni, pasi na kuomba idhini.

"Maulana, mtu amemezwa na njia yako," alisema. "Nilimwonya waziri akanicheka. Nawe umepita langoni mara ngapi, juu ya ndovu huyo huyo, usiulize umekanyaga nini?"

"Ndovu amenenepa, maulana," alisema Shaddadi. "Kosa ni lake."

Kabla Sultani hajajibu, sakafu ilipasuka, akatoka jini mrefu kama mnara, kwapani amemshika Murjani, hai, ametapakaa tope, na mkononi mfuniko uliokunjika kama chapati.

"Mimi ni Barkhashi," alisema jini, "nakaa mferejini tangu enzi za babu zako, na sijakudhuru. Huyu ni wa tatu kuniangukia tangu mwezi uandame. Wa kwanza nilimpa pole. Leo nauliza: nyumba yangu ina paa au haina?"

Waziri akanyoosha kidole. "Mfuniko wa mwanamke huyu ndio mbovu."

"Mfuniko huo hauna kosa," alisema Zuwena kwa ghadhabu. "Kichochoroni ungedumu miaka mia. Mwenye kosa ni aliyeutwika usichokiweza."

Sultani akainamisha uso kwa haya, kisha akamvua Shaddadi uwaziri, na mbele ya mji mzima akamfanya aivingirishe ile mifuniko mizito mmoja mmoja, kutoka bustanini mpaka langoni, na Barkhashi akimfuata nyuma. Ndovu wawili na magogo yao wakasimamishwa juu ya mfuniko wa kwanza, nao haukupinda hata unywele.

Zuwena akapewa dhahabu na amri juu ya njia zote za Sarandia, na jini akaapa kuvuvia tanuri lake. Murjani alipokwisha oga alikwenda kumposa Zuwena aliyemtetea, naye akamkubali, wakaishi kwa raha.

Basi mwenye kusikia na azingatie: anayepewa mamlaka juu ya njia, na aujue kwanza mzigo wa wapitao.