Mafiga ya Bi Ngedere

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Sogeeni basi, na mwenye ubwabwa mdomoni ameze kwanza."

Hapo kale Bi Ngedere alikuwa na watoto watatu, na jikoni mwake mafiga matatu. Desturi ya ngedere ilikuwa hii: mtoto akihama huchukua figa moja la mama, akaanzie jiko lake. Mama akizeeka, hula pale lilipo jiwe lake.

Akaondoka kifungua mimba na lake. Akaondoka wa kati na lake. Akaondoka kitinda mimba na lake. Mama akabaki na majivu.

Uzee ukafika, meno yakamtoka. Akaenda kwa kifungua mimba.
"Hodi, mwanangu! Nimelifuata jiwe langu."
"Shikamoo, mama. Kwangu jiwe ni moja, na figa moja haliinjiki chungu. Nenda kwa mdogo wangu."
Na uji unatokota mbele yake! Jamani, unatokotea kichwani?

Akaenda kwa wa kati. "Figa moja haliinjiki chungu, mama. Nenda kwa kitinda mimba."

Akaenda kwa kitinda mimba. "Figa moja haliinjiki chungu, mama. Rudi kwa kaka mkubwa."

Mama akashika njia. Hakufika. Na kila mtoto akalala akijua mama yuko kwa mwenzake.

Siku ikaja, kifungua mimba anamwoza binti yake. Bibi lazima amtemee mjukuu mate ya baraka.
"Mama yuko wapi?" akauliza wa kati.
"Si yuko kwako?"
"Kwangu? Si yuko kwa kitinda mimba?"
"Mimi nilimrudisha kwako, kaka mkubwa!"
Ngoma ikanyamaza. Bibi harusi akashika kichwa.

Wakafuata nyayo mpaka, yarabi, pangoni kwa Fisi! "Kamla mama yetu!" Wakaingia na marungu.

Mama huyu hapa, kanenepa! Fisi anamtwangia nyama, kwa kuwa hana meno.

"Fisi! Hukumla?"
"Mimi hula maiti. Nilimkuta kaanguka njiani, nikakaa kando nikimngoja afe. Akaniomba maji, akaniita mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Ningefanyaje?"

Marungu yakawaponyoka.
"Mama, turudi nyumbani."
"Leteni mafiga yangu kwanza."

Wakakimbia, wakayaleta yote matatu. Mama akayapanga palepale pangoni, akainjika chungu, akapuliza moto.
"Nyumbani ndipo hapa. Mkishikwa na njaa, pigeni hodi kwa kaka yenu Fisi."

Nani athubutu? Tangu siku ile ngedere hana jiko, hula vibichi.

Udugu ni kufaana, si kufanana. Ngano yangu nimeiepua, aliyeshiba alale. Na wewe unayecheka hapo nyuma, mama yako leo kala kwa nani?