Vikombe Vilivyochomwa Vitupu

Mwanamke mmoja alikuwa na vikombe ishirini na vinne vya kuokea keki. Havikuwa vya bati. Vilikuwa vya silikoni, laini, ukivikunja vinakunjika, ukiviachia vinarudi vilivyokuwa. Unaoka, unaosha, unaoka tena, miaka inapita. Aliitwa Tusekile. Hakusomea upishi popote. Alijifunza nyumbani kwake, kwa kuunguza, kwenye oveni ya mkaa.

Mwaka huo watoto ishirini na wanne wa mtaa wake walikuwa wanapata kipaimara, na akina mama wa kanisa wakampa yeye kazi ya keki: kila mtoto moja, ndogo, yake peke yake. Wengi walikuwa wametaka bekari ya mjini. Walimwambia waziwazi: akiharibu, basi tena.

Wiki moja kabla, wifi yake Atuganile, dada wa mumewe, alikuja kuazima vikombe. Kwao chombo cha jikoni hakinyimwi wifi. Hakusema vya nini, wala hakuulizwa. Akaokea humo samaki waliopondwa na kitunguu saumu, akalisha wageni wake, wakamsifu. Kisha akaviosha mara tatu, akavisugua kwa limau, akavirudisha vinang'aa, na kichana cha ndizi juu yake kama ilivyo desturi. Tusekile akavitazama, akaona ni safi. Mimi nanyi tungeona vilevile.

Jumapili ya kipaimara akakoroga siagi na sukari, akavunja mayai, akatia unga na iliki. Keki zikaumuka vizuri, kila moja na kichwa chake. Lakini oveni ilipokolea moto, jiko zima likanuka shombo. Akatoa keki moja, akamega, akala. Shombo. Sabuni ilikuwa imeishia juu. Kilichoingia ndani kilikuwa kinangoja joto.

Atuganile alikuwa amekuja na akina mama wawili kusaidia kubeba. Alipovuta ile hewa tu, akajua.

"Ni samaki wangu hao, wifi, nisamehe," alisema. Papo hapo akaongeza: "Lakini mbona kitu kidogo! Paka krimu nene, nyunyizia zile punje za sukari za rangirangi. Watoto hao wanalamba juu, watajua nini?"

Wale wawili wakaafiki. Ibada ilikuwa imeshaanza. Mmoja akamkumbusha kwamba akichelewa leo, ndiyo kwaheri yake.

Tusekile akazitia keki kwenye sinia, akatoka nazo hadi uani, akawamwagia kuku zote ishirini na nne. Akarudi na vikombe mkononi.

"Wifi," akasema, "mimi sipaki sukari juu ya shombo."

Akaongeza mkaa. Akavipanga vikombe ndani ya oveni, havina unga, havina chochote, akafunga mlango. Moto ndio uliokifichua kilichojificha. Basi moto huohuo ukimalize. "Haya, tumepata nabii wa jikoni," wenzake wakamcheka, "anaoka upepo!" Harufu ikatoka kali kuliko ya kwanza, ikajaa uani, ikaruka ua, majirani wakapiga kelele kuuliza ni nani anayeunguza samaki. Aibu ikamwangukia yeye mtaa mzima, na samaki hawakuwa wake. Yeye akazidi kupepea mkaa. Baada ya saa nzima akatoa kikombe kimoja, akakiacha kipoe, akakinusa. Hakikunuka kitu. Ndipo akashika unga uliobaki.

Watoto walitoka kanisani wakakuta meza ina pilau na soda, keki hakuna. Mwenyekiti wa akina mama akalifuta jina la Tusekile kwenye orodha ya wapishi palepale, watu wakitazama. Keki zilifika saa tisa, nusu ya wageni wameshaondoka. Hazikuwa na krimu. Zilikuwa bado za moto. Kila mtoto akala yake mpaka chini, na msichana mmoja akauliza kama imebaki nyingine.

Mwaka uliofuata kazi ilikwenda bekari ya mjini. Msimwonee huruma Tusekile; hakuomba huruma yenu. Jitazameni ninyi. Mmeoshwa, mmesuguliwa, mnang'aa mbele za watu, na kila mmoja wenu anajua ni kitu gani kilipikwa ndani yake, hata kama si yeye aliyekipika. Sasa nijibuni: ni nani hapa atakayekubali kuingia motoni mtupu, wenzake wakimcheka na sherehe ikimpita, kuliko kumpa mtoto shombo lenye sukari juu?