Makawa Sitini na Kikoi cha Sultani

Hapo zamani, Sultani wa Mvuje na Sultani wa Kilale walichoka kugombania malango, wakaandikiana mkataba: kila kilicho cha nchi zao mbili kipite bila ushuru. Watu wakapiga vigelegele. Basi Bi Mize, mjane fukara wa Mvuje mwenye ulimi usiolala, akajitwika makawa sitini ya kufunikia vyakula vya harusi huko Kilale. Kama yasingefika kabla ya karamu ya kesho, kazi ya miezi mitatu ingekwenda na maji.

Karani wa lango akaligeuza kawa moja, akasema, "Ukindu wa hapa, usukaji wa hapa, lakini rangi hii nyekundu ya Bara Hindi. Si kawa la hapa. Lipa ushuru."

Bi Mize hana kitu, akaenda kumlilia Sultani wake wa Mvuje, akamkuta anakula tende.

"Itoe rangi," akasema Sultani, "makawa yapite."

"Nitaitoaje, bwana wangu, nayo imekwisha kuingia?"

"Hilo ni lako. Sheria ni sheria, hata kwangu mimi."

"Basi nipe lango nililinde kesho, kazi yangu iwe ndiyo ushuru wangu."

Sultani akacheka, akakubali, tena akaamuru mlinzi asimwonee mtu haya.

Kesho yake Sultani akaja kwa ngoma na zumari, aenda harusini.

"Simama, bwana wangu. Kilemba hicho?"

"Cha Maskati."

"Kibaki. Na joho?"

"La Uajemi."

"Libaki. Na kanzu?"

"Imeshonwa hapa hapa!"

"Kitambaa je?"

"Bara Hindi."

"Ivue, bwana wangu. Mimi nimegeuka."

Ikawa amebaki na kikoi. Akatoa kifua. "Hiki kimefumwa Mvuje, kwa pamba ya Mvuje!"

Bi Mize akachungulia kwa jicho moja. "Kina mstari mwekundu. Itoe rangi, kikoi kipite."

"Nitaitoaje, nayo imekwisha kuingia?"

"Hilo ni lako, bwana wangu. Ila sitakuacha uadhirike." Akampa kawa jingine, si la yale sitini, lisilotiwa rangi. "Hili la hapa, juu hata chini. Jifunike."

Sultani akalitazama kawa, akatazama kitambi chake, akacheka hata karani akamshika asianguke.

"Tangu leo," akasema, "kilichosukwa kwa mikono ya hapa ni cha hapa, rangi itoke itokako!"

"Na kilichofumwa?"

"Kikoi kwanza, mama! Kikoi kwanza!"

Makawa yakafika Kilale wali haujapakuliwa. Sultani alikuta watu wanalamba vidole, maana kuvaa upya nako kuna kazi yake. Na hekaya yangu imefika langoni, haina ushuru. Aitakaye na aichukue.