Kazi Zinazosubiriana

Wapendwa, leo nawapa mfano wa kompyuta. Wazee wangu msinune. Kompyuta hata mimi sijui sana, lakini mfano huu mtauelewa, maana kompyuta imo kidogo tu na watu ndio wengi.

Kulikuwa na msimamizi mmoja wa ujenzi. Alikuwa anasimamia jengo la ghorofa nne, na chini yake walikuwepo mafundi wa kila aina: wa zege, wa umeme, wa bomba, wa marumaru. Zamani mafundi walipangiwa kazi kwa makelele. Kwake yeye kazi zote zilikuwa ndani ya programu ya simu. Kila fundi akifungua simu anaiona kazi yake, na kando yake imeandikwa inasubiri nini. Fundi wa rangi anasubiri lipu ikauke, mfunga milango anamsubiri fundi wa rangi. Akina mama mnalijua jambo hili toka jikoni: hakuna anayeunga mchicha ambao haujachambuliwa.

Basi ile programu ikaletewa toleo jipya, na toleo lile lilikuja na mambo mawili. La kwanza, liliweza kuzitambua kazi zilizokwama kwa sababu kila moja inaisubiri nyingine. La pili, kazi ya mtu ikawa ni ya mtu. Sharti lililowekwa kwenye kazi ya fundi aliweza kuliondoa fundi mwenyewe tu, hata bosi hakuruhusiwa kulitia mkono. Hili la pili lilimkera sana msimamizi. Alisema waliolitengeneza hawajawahi kusimamia mafundi hata siku moja.

Jumamosi asubuhi simu yake ikawaka nyekundu. Ni vyoo vya ghorofa ya pili. Fundi wa marumaru alikuwa anamsubiri fundi bomba aweke bomba la choo, ndipo abandike marumaru. Fundi bomba naye alikuwa anasubiri marumaru zibandikwe, ndipo ajue sakafu itaishia wapi. Kwa muda mrefu kazi zote mbili zilikuwa zimeandikwa "inasubiri" kwa rangi ya njano, na msimamizi akiona njano anapita, maana njano siyo nyekundu. Sasa programu ikamweleza bila kumung'unya maneno: "Kazi hizi zinasubiriana. Hakuna itakayoanza. Mmoja aondoe sharti lake."

Akawaita wote wawili palepale chooni. Kila mmoja akajieleza, na kila mmoja alikuwa na hoja. Niwaulize ninyi mnaonisikiliza, nani hapo alikuwa na kosa? Ukimsikiliza huyu, ana haki. Ukimgeukia yule, naye ana haki. Haki zilikuwa mbili, na choo hakipo hata kimoja. Buibui walikuwa wameshahamia.

"Nyinyi ni watu wazima," msimamizi akawaambia. "Mnasubiriana mpaka lini? Hivi mmoja akianza atapungukiwa nini?"

Fundi wa marumaru akakuna kichwa, akasema ataanza yeye. Angechora mstari ukutani kuonyesha sakafu itakapofika, na mwenzake aufuate. Akatoa simu, akaliondoa sharti lake, na kabla ya saa ya chai nyundo zikawa zinalia mle chooni.

Jumamosi kazi ni nusu siku. Msimamizi akarudi nyumbani amefurahi, na kwenye chakula cha mchana akawasimulia mkewe na binti yake kisa chote, namna watu wazima na ndevu zao wanavyoweza kukaa wakitazamana kama majogoo. Mkewe alicheka kidogo. Binti hakucheka. Alikuwa anauzungusha wali kwenye sahani.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu ya binti huyu ndiyo maana nawasimulia.

Binti alikuwa na mchumba, kijana mwenye heshima zake, na wazee wa kijana walikuwa tayari kutuma washenga. Lakini katika ukoo ule washenga hawapokelewi na baba mzazi. Baba mzazi siku hiyo hukaa pembeni kama jambo halimhusu. Anayepokea ni mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo alikuwa kaka yake msimamizi. Asipokaa yeye kwenye kiti cha mbele, posa haijapokelewa, hata muimbe na kupiga vigelegele mpaka koo zikauke.

Na hao ndugu wawili hawakuwa wakisemeshana. Mama yao alipofariki, msimamizi alichelewa msibani kwa sababu ya kazi, akafika watu wameshatoka makaburini. Kaka yake alimwona anaingia getini, akasema mbele ya waombolezaji wote: "Mgeni kafika. Mpeni kiti." Basi. Maneno yenyewe ni hayo tu. Lakini kuitwa mgeni kwenye msiba wa mama yako mzazi! Lile neno lilimchoma, na liliendelea kumchoma kila alipolikumbuka.

Kwa hiyo washenga walipotuma ujumbe mara ya kwanza, waliambiwa wasubiri. Mara ya pili wakaambiwa wasubiri. Na siku ile, huku wakila, mkewe akamwambia kwamba wazee wa kijana wametuma tena, na safari hii wamesema wakiambiwa wasubiri wataelewa kwamba wamekataliwa, nao watampeleka kijana wao kwingine.

Msimamizi akasema yeye hana tatizo na mtu. Kaka aje aombe radhi, na siku hiyohiyo washenga watapokelewa. Binti akasukuma sahani, akaaga kwa adabu, akaenda chumbani kwake.

Yule baba akabaki na simu yake. Mtu aliyezoea kupanga kazi hata huzuni huipanga. Akafungua programu, akaanza kuandika. Kupokea washenga: inasubiri kaka afike. Kaka kufika: inasubiri akaalikwe nyumbani kwake. Kwenda kumwalika: hii akaandika jina lake mwenyewe, inasubiri kaka aombe radhi. Kuomba radhi: akaandika jina na namba ya simu ya kaka. Na tushukuru kaka mtu alikuwa na simu ya kitochi isiyopokea programu, ujumbe usingemfikia, maana hapo ungezuka msiba wa pili. Kisha akajiuliza, kaka ataomba radhi lini? Alimjua kaka yake. Huyo haombi radhi kwa mtu ambaye hajakanyaga kwake toka mama azikwe. Akaandika ukweli: inasubiri mdogo mtu aje.

Simu ikawaka nyekundu. "Kazi hizi zinasubiriana. Hakuna itakayoanza. Mmoja aondoe sharti lake."

Akagusa sharti la kaka yake ili alifute. Programu ikakataa. "Kazi hii ni ya mtu mwingine." Akajaribu tena, jibu likawa ni lilelile. Katika orodha yote ile, sharti alilokuwa na ruhusa ya kuliondoa lilikuwa moja tu, lile lililokuwa chini ya jina lake.

Akamwonyesha mkewe simu, akalalamika kwamba toleo hili jipya ni bovu. Mkewe akaisoma ile orodha.

"Asubuhi mafundi uliwaambiaje?" akamuuliza.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Yule bwana alikaa pale na aibu yake mpaka mkewe akaondoa vyombo, kisha akavaa viatu akatoka.

Alimkuta kaka yake uani, anapukuchua mahindi. Akamwamkia shikamoo. Kaka akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, mikono inaendelea na mahindi.

"Kaka, nimekuja kukuita," msimamizi akasema. "Washenga wa binti yako wanataka kuja, na bila wewe hakuna wa kuwapokea."

Kaka mtu akamaliza hindi lile, akatupa gunzi, akachukua hindi jingine. Mdogo mtu amesimama tu. Shemeji yake akainuka ndani aende kumletea kiti, na hapo ndipo kaka alipofungua mdomo.

"Mwache," akamwambia mkewe. "Huyu si mgeni. Viti anajua vinapokaa, akachukue mwenyewe."

Mmelisikia neno hilo? Yule mtu alilisikia. Aliingia ndani, akajikuta analia mbele ya viti, akajifuta, akatoka na kigoda chake, akaketi, naye akachukua hindi. Neno "radhi" halikutamkwa siku ile, na halijatamkwa mpaka leo. Washenga walipokuja, kaka mtu alikuwa kwenye kiti cha mbele na kofia yake ya sikukuu, na binti akaolewa.

Sasa sisi.

Wapo humu ndani wanaosema, mchungaji, kosa lilikuwa la kaka. Sawa, neno lile lilikuwa baya na halikupaswa kusemwa msibani. Nani amekubishia? Haki yako unayo, ishike kwa mikono miwili. Ninachokuuliza ni kingine: haki yako imejenga choo gani? Wangapi hapa tuna mtu tunayesema, "Akianza yeye, mimi sina neno"? Na yeye huko aliko anasema hivyohivyo. Watu wa nje wanatusubiri tuchoke, maana wagombanapo ndugu wao hushika jembe wakalime. Watoto wetu wanauzungusha wali kwenye sahani, na sisi tunaona njano, tunapita.

Tunaomba Mungu ambadilishe yule mwenzetu. Tunafunga, tunakesha, tunamtaja kwa jina. Ndugu zangu, kazi ile ni ya mtu mwingine. Huna ruhusa. Umepewa sharti moja tu la kuondoa, nalo limeandikwa jina lako.

Na kama unaona ni uonevu kuanza wewe usiye na kosa, hebu jiulize: mimi na wewe tulipokuwa tumemkosea Mungu, nani alianza? Angetusubiri sisi tuombe radhi kwanza, leo tungekuwa wapi?

Sasa ingekuwa zamu ya sadaka. Wazee wa kanisa, naomba muweke vikapu chini. Sadaka itasubiri, yenyewe haimdhuru mtu ikisubiri. Milango yote iko wazi. Mwenye wa kumpigia simu atoke akapige, na ambaye mtu wake ameketi humuhumu, upande wa pili wa kanisa, benchi anajua lilipo.

Mimi nakaa chini. Nanyi msigeuke kuangalia nani amesimama.