Mgeni Aliyeingia kwa Mlango wa Jikoni

Sogeeni nianze, na mlango wa nyuma ufungwe.

Huko Meksiko, Siku ya Wafu, mjane Eulalia alimtandazia marehemu mumewe, Crescencio, njia ya maua ya manjano toka makaburini hadi mlango wa mbele. Mezani, mbele ya picha yake, akaweka uji wa mahindi na mikate miwili. Kwao marehemu hali chakula, hunusa tu, akaondoka na ladha.

Adhuhuri Crescencio akaingia, ila kwa mlango wa jikoni. Eulalia akamtilia shaka, akaamua kumpima.

"Karibu uji, mume wangu." Akaunywa wote.

"Karibu mkate." Akaula, na makombo akayalamba.

Shaka ikawa yakini.

"Ngoja basi nikufukize ubani."

Moshi ulipomgusa, mgeni akaota manyoya na meno marefu. Kumbe zimwi! Likatimka mbio.

Eulalia akaumega mkate uliobaki, akauonja. Haukuwa na ladha hata chembe.

Akaigeukia picha. "Kwa hiyo ulikuwepo muda wote, Crescencio, ukaniacha nihangaike peke yangu?"

Ngano yangu inaishia hapo. Mkiiona haina ladha, muulizeni Crescencio.