Mkono wa Mize Shimoni mwa Pweza

Paukwa!

— Pakawa!

Hizo ni sauti au kuni mbichi? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo kale, pweza walipokuwa wakisema, palikuwa na msichana aitwaye Mize. Mize hakujua kutulia. Akiketi, asimama. Akisimama, achungulia. Moyo wake ulikuwa kama kuku aliyeona kipanga.

Siku hiyo alikuwa na sababu. Dada yake amejifungua, na maziwa hayashuki. Kichanga chanyonya, hakipati, chalia. Mkunga akasema, "Mzazi anywe supu ya pweza leo hii. Kesho mtoto hatakuwa na nguvu za kunyonya."

Asubuhi, mvua yanyesha, maji yamekupwa. Mize na shoga yake Shali wakachukua michokoo, vile vijiti vya kuchokolea pweza, wakashika njia ya mwambani.

"Twende, twende, maji yasitukute!" akasema Mize.

"Shoga, umekunywa pilipili?" akasema Shali. "Maji bado sana."

Wakafika shimo la kwanza. Maganda ya kaa yamejaa mlangoni. Basi mwenyewe yumo. Mize akachokoa, choko choko choko! Pweza akang'ang'ania mwamba.

"Mize," akasema pweza, "mimi mwembamba kama utambi. Mbele yuko mnene."

Watoto, Mize alisubiri?

— Hakusubiri!

Akachomoa mchokoo, huyoo! Shali alipochungulia, akaona mkono mnene ukivuta ganda kuziba mlango.

"Shoga, umeongopewa na kitoweo!"

"Twende, twende, maji yasitukute!"

Shimo la pili. Choko choko choko!

"Mize," akasema pweza, "husikii mngurumo? Bahari inarudi!"

Mize akatimua mbio, akateleza, akachubuka goti. Alipogeuka, maji yako palepale, chini ya kifundo cha mguu. Shali akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ile radi, shoga! Tangu sasa sikusikilizi tena."

Shimo la tatu lilikuwa refu, mchokoo haukufika.

"Wewe kaa hapo," akasema Shali. "Huo mtetemeko wako unawafundisha pweza kushika."

Akalala kifudifudi, akatia mkono hadi begani. Pweza akamkamata.

Mize akasimama. Mvua ilikuwa ikitoboatoboa maji, huwezi kujua yanajaa au yametulia. Lakini mguu wake ulisikia kitu. Maji ya mvua yalikuwa baridi. Haya yanayopita sasa ni vuguvugu. Akachota, akaonja. Chumvi tele.

"Shali, yanajaa."

"Ulisema hivyohivyo kule!"

"Kule nilisikia radi. Hapa nimeonja."

Shali akavuta mkono. Pweza akakaza. Akavuta tena, akakaza zaidi. Maji yakamfika kidevuni, kicheko chote kikamwisha.

"Mwachie!" akalia Mize.

"Mimi nashika kinachokimbia," akajibu pweza.

Mize akataka kukimbia kuita watu. Pwani mbali. Akalala kando ya mwenzake, akatia mkono wake shimoni. Moyo ukasema: toa! Vidole vikasema: toa!

— Akatoa?

Hakutoa. Akahesabu pumzi. Moja. Mbili. Tatu. Mkono ukawa kama jiwe. Pweza akaupapasa, akaudhani mwamba, akaupenda. Akahamisha mkono wake mmoja, akahamisha wa pili, akahamisha wa tatu, mpaka Shali akachomoka akikohoa maji ya chumvi. Na pweza akapanda, polepole, kiganjani, kiwikoni, mpaka nje. Hapo Mize akamgeuza kichwa ndani nje, kama mtu ageuzavyo mfuko. Nguvu zikamtoka pweza.

Wakarudi maji yako kifuani, wameshikana, pweza mabegani. Shali akasema, "Shoga, kesho ukiniambia yanajaa, nitakimbia kwanza, nitauliza baadaye."

Mzazi akanywa bakuli mbili. Mize akakaa mlangoni, akasimama, akakaa. Jioni kichanga kikalia. Kikalia. Kisha kikanyamaza. Mize akaruka, akachungulia. Akasikia: gwi, gwi, gwi. Kinameza.

Wanangu, hofu ni mlinzi. Akibisha hodi, mfungulieni, msikilizeni ameona nini. Lakini kazi ya mkono msimpe yeye.

Ngano yangu naitua hapo. Mwenye kuiona haijakolea, atie chumvi yake.